Sipiyu na Kioo

Albamu ilirudishwa Jumanne kabla ya adhuhuri, ikiwa bado kwenye boksi lake la mahameli. Mama wa bibi harusi hakupiga kelele. Aliiweka juu ya kaunta, akaifungua katikati, akauliza swali moja tu: "Mwanangu alivaa gauni jeupe. Hili la rangi ya samli ni la nani?" Akachukua mkoba wake, akashuka ngazi.

Nilichungulia. Gauni kweli lilikuwa la samli. Bwana harusi naye, kwenye picha kubwa ya kurasa mbili, alivaa suti isiyo na kola, kifungo wala mfuko. Doa la giza tu, na kichwa juu yake.

Mimi nilikuwa nimefuata picha zangu za pasipoti saizi. Studio iko ghorofa ya kwanza, Magomeni, na kuta zake ni za kijani kwa sababu mwenyewe ni Yanga damu. Ndani walikuwa wanne: mama mwenye studio, kijana anayeediti, fundi aliyeitwa kuitazama kompyuta inayojizima, na mzee mmoja aliyefanya kazi ya chumba cha giza enzi za filamu, ambaye siku hizi huja kusoma gazeti na kunywa kahawa ya bure. Waliyosema nayaandika kama yalivyotoka, nikipunguza tu maneno ya fundi juu ya Apple.

MAMA: Jamani, tusizunguke. Kompyuta imechoka. Ikiwaka inachukua muda wa kuchemsha chai, ikishika joto inazima. Nina milioni tatu na nusu. Nataka kompyuta ya mezani ya kuediti picha, ninunue mara moja, nisirudi dukani miaka mitano. Semeni.

KIJANA: Mac mini, mama. Ile iliyotoka mwaka 2024 yenye chipu ya M4. Ndogo kama sahani ya kahawa, haina kelele, na hata ya bei ya chini kabisa ina RAM gigabaiti 16. Marekani ilianza kuuzwa dola 599. Ikifika huku inapanda, sawa, lakini chenji inabaki. Na Mac ndiyo kompyuta ya picha, kila mtu anajua.

FUNDI: Kila mtu anajua kwa sababu kila mtu kaambiwa. Photoshop ilipoingia sokoni mwaka 1990 ilikuwa ya Macintosh peke yake. Watu wa Windows walisubiri karibu miaka mitatu. Sifa ikabaki huko huko, kama mtu anayeitwa straika mpaka leo na goti lilishakwisha. Sasa hivi Lightroom ya huku na ya kule ni moja. Nikuulize: mwaka kesho ukitaka kuongeza RAM kwenye hiyo Mac mini, unaichomeka wapi?

KIJANA: Haiongezwi.

FUNDI: Sema kwa sauti, mama asikie.

KIJANA: Haiongezwi, mama. Unayonunua ndiyo unayozeeka nayo.

FUNDI: Na diski yake ni gigabaiti 256. Harusi ya Jumamosi ulipiga ngapi?

KIJANA: Elfu mbili na mia tatu. Kamera mbili.

FUNDI: Faili moja la RAW la kamera ya megapikseli 24 ni megabaiti 28 hivi. Zidisha: gigabaiti 64. Ukitoa mfumo na programu, harusi ya nne haina pa kulala.

KIJANA: Nitaweka diski ya nje.

FUNDI: Inayoning'inia kwa waya, kwenye meza ambayo watoto wa wateja wanapita mbio.

Mama alicheka, nami nikaona fundi amepata bao. Akalifuata hapo hapo na bidhaa yake.

FUNDI: Mimi nakupa sipiyu ya mtumba wa ofisi. Dell OptiPlex au HP EliteDesk, kasha kubwa, si lile jembamba. Iwe Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, maana Microsoft waliiacha mkono Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa jumla haizitaki za chini ya hapo. Naijaza RAM 32. Naweka SSD ya NVMe kwa ajili ya mfumo na katalogi ya Lightroom, na hadi diski ya terabaiti nne ya kuhifadhia. Hela inayobaki unapaka rangi studio.

MAMA: Na ikifa?

FUNDI: Nipo.

(Hilo "nipo" ndiyo bima ya kompyuta nyingi mjini hapa, na mara nyingi hulipa kuliko karatasi ya dukani. Ama neno sipiyu, mafundi wetu huita hivyo kasha zima, ingawa sipiyu yenyewe ni kipande kidogo kama biskuti kilichofichwa chini ya feni. Nilishaacha kuwasahihisha watu, nami nitaliita hivyo hivyo.)

KIJANA: Kaka, sema na ubaya wake. Kadi ya grafiki utaiwekaje? Pawasaplai za hizo mashine za ofisi nyingi ni za kwao peke yao, plagi zake haziingiliani na za madukani. Kadi inayokula zaidi ya wati 75 inataka waya wake wa umeme, na humo ndani waya huo kwa kawaida haupo. Sasa picha za ukumbini usiku nitazisafishaje? Napiga ISO 6400, picha inajaa chenga kama mchanga wa ufukweni. Adobe walileta Denoise ndani ya Lightroom mwaka 2023, inasafisha vizuri mno, lakini kazi yote inafanywa na kadi ya grafiki. Ukiwa na kadi nzuri, picha moja ni sekunde. Bila kadi ni dakika. Tuseme tano. Picha 200 za ukumbini ni zaidi ya saa kumi na sita. Nilale hapa?

Fundi alikuna kidevu. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akifikiri kabla ya kujibu.

FUNDI: Basi tuunganishe mpya. Ryzen 5 au Core i5, bodi ya kawaida, pawasaplai ya kueleweka, RAM 32, na kadi ya RTX yenye gigabaiti 8 zake yenyewe. Kila kitu kinafunguka kwa bisibisi. Mwaka wa tatu ukitaka kubadilisha kadi, unabadilisha kadi tu.

KIJANA: Na umeme? UPS yetu imeandikwa VA 650, lakini kwa wati halisi haifiki hata 400. Hiyo mashine yako ikianza Denoise, pamoja na kioo, UPS itapiga filimbi dakika chache kisha kwaheri. Mac mini inakula wati makumi tu ikiwa kazini. Umeme ukikatika namaliza ninachofanya, nafunga, nazima kwa adabu.

Hoja hiyo kijana aliileta kama ya pembeni, lakini mimi naiweka juu ya zote alizotoa. Makala za kompyuta za ng'ambo hupima mashine kwa kasi na kwa bei, kwa sababu huko umeme ni kitu ambacho kipo tu. Kwetu, wati ambazo mashine inakula ndizo dakika utakazobaki nazo taa ikizimika, na dakika hizo ndizo tofauti ya katalogi iliyo salama na katalogi inayogoma kufunguka kesho yake. Fundi naye alilijua hilo, maana hakubisha. Aliomba chai.

Hapo ndipo mzee alipokunja gazeti.

MZEE: Samahani wanangu. Ile albamu imerudi kwa sababu kompyuta ni ya polepole?

Hakuna aliyemjibu.

MZEE: Binti yangu, nipe karatasi nyeupe. Ya printa, mpya.

Akavuta pazia, mwanga wa mchana ukaingia. Akamwambia kijana afungue picha ya yule bibi harusi na aikuze mpaka gauni lijae kioo kizima. Kisha akaishika ile karatasi pembeni ya kioo, ubavu kwa ubavu. Karatasi ilikuwa nyeupe. Gauni la kwenye kioo, ambalo sekunde mbili zilizopita sote tungeapa kuwa ni jeupe, lilikuwa la buluu ya maji ya kufulia.

MZEE: Kioo chenu kina buluu. Mwanangu anaona gauni lina ubaridi, anaongeza manjano mpaka lipendeze machoni pake. Hapa linapendeza. Likifika kwenye karatasi, ile manjano aliyoongeza ndiyo inayobaki. Samli.

KIJANA: Na giza, mzee wangu?

MZEE: Mwangaza wa kioo umeuweka kwenye ngapi?

KIJANA: Mia. Mwisho.

MZEE: Kioo kinawaka kama karabai. Picha inaonekana ina mwanga wa kupita kiasi, unaishusha. Karatasi haina taa nyuma yake. Sasa inuka, simama. Unaona suti? Imepauka. Kaa. Teremka zaidi, kidevu kifike mezani.

Kijana alishuka mpaka macho yakawa usawa wa kibodi, na suti ya bwana harusi ikazama gizani mbele ya macho yake bila mtu kugusa kitu. Akapanda, kola ikarudi. Akashuka tena, kola ikapotea. Alifanya hivyo mara nne, kama mtoto aliyegundua mchezo.

FUNDI: Hicho ni kioo cha TN. Tulipewa bure na sipiyu.

MZEE: Bure!

Mzee alilitamka neno hilo kama tusi. Akaanza kutueleza alivyojifunza kazi, kwenye studio za Kihindi za pwani, zile za jamaa ya Capital Art Studio ambayo Ranchhod Oza aliifungua Zanzibar mwaka 1930. Kuediti kulikuwepo, alisema, ila kulifanywa kwa penseli iliyochongwa kama sindano juu ya negativu, chunusi moja moja. Na hakuna aliyechapa picha kubwa kabla ya kuchapa kijipande cha majaribio na kukipeleka dirishani. Dirishani, akarudia, si chini ya taa.

MAMA: Kwa hiyo mzee unataka ninunue kioo cha bei gani? Dukani kuna kimoja cha 4K, kikubwa kama kitanda.

MZEE: Hizo K sizijui. Mwulize fundi.

FUNDI: 4K si lazima, mama. Inaongeza nukta, haiongezi ukweli wa rangi, na tena inaipa sipiyu kazi zaidi. Unachotafuta ni paneli ya IPS, ambayo rangi haikimbii ukisogeza kichwa, na kwenye karatasi yake pawe pameandikwa inafikia asilimia 100 ya sRGB, au karibu na hapo. Inchi 24 zinatosha. Hiyo sRGB ni kipimo walichokubaliana HP na Microsoft mwaka 1996, na ndicho maabara ya kuchapa inachotaka, ndicho simu inachotarajia. Vipo vya rangi pana zaidi, vya Adobe RGB, bei yake ya juu, lakini maabara ikikudai sRGB hizo rangi za ziada umenunua uzione wewe peke yako.

KIJANA: Na mashine ya kupima.

FUNDI: Ndiyo, na kipimarangi. Kinakaa juu ya kioo kama kupe, kinasoma rangi moja moja, kisha kinaandika faili la kukirekebisha. Weupe unauweka kelvini 6500, mwangaza kandela 120 kwa mita ya mraba au chini kidogo. Unarudia kila mwezi. Kama ni ghali, studio mbili zinunue kwa shirika.

MZEE: Na huu ukuta. Kijani chote hiki kinarudi kwenye kioo na kwenye jicho. Paka kijivu.

MAMA: Mzee, kahawa utapata, ukuta wa Yanga hauguswi.

Wakakubaliana pazia zito na ukuta mmoja tu wa nyuma ya mhariri. Hata hilo lilichukua dakika kumi, ambazo nawapunguzia.

Kijana hakuwa amekubali bado, na sababu yake haikuwa ya kipuuzi.

KIJANA: Mzee wangu, heshima yako iko pale pale. Lakini albamu ni moja. Picha elfu mbili zilizobaki watu wanaziona kwenye simu. Kuna simu inang'arisha rangi, kuna yenye manjano, nyingine imepasuka kioo. WhatsApp inazibana picha mpaka nywele zinakuwa uji. Nikipima rangi mpaka kandela, nampimia nani?

MZEE: Mizani ya sokoni unaipimia nani? Kila mteja ana sufuria yake nyumbani. Wewe kilo yako iwe kilo.

KIJANA: Sawa. Lakini usiseme kasi si kitu. Sasa hivi nikibonyeza picha nyingine nasubiri sekunde nne mpaka itulie. Picha 2,300 mara sekunde nne ni saa mbili na nusu za kutazama kimduara kinazunguka, na hapo sijaediti hata moja. Nikichoka ndipo nakosea rangi.

Hapo nilikuwa upande wa kijana. Mzee alitoka kwenye kazi ambayo kusubiri kulikuwa sehemu ya ufundi. Karatasi ilielea kwenye dawa, mtu akapumzisha jicho. Kusubiri kwa kompyuta hakupumzishi chochote. Ila sekunde nne zile nyingi hazitokani na prosesa iliyozeeka. Kompyuta ile ina RAM gigabaiti nane na hadi diski ya kuzunguka, na katalogi imelala juu ya diski hiyo hiyo. Hadi diski nzuri husoma megabaiti 150 hadi 200 kwa sekunde mafaili yakiwa yamepangana, na hushuka vibaya yakitawanyika, kama yanavyotawanyika ya Lightroom. SSD ya kawaida ya SATA hufika 550, na NVMe ni elfu kadhaa. Anayeediti harusi atauona mwendo wa diski kila dakika, halafu RAM, halafu kadi siku ya Denoise. Prosesa atakayojigamba nayo kijiweni inakuja baadaye. Na picha za kutazamia zinaweza kujengwa usiku watu wakiwa wamelala, alimradi UPS inapumua.

Mama alikuwa ameshageuza bahasha na kuanza kuandika nyuma yake.

MAMA: Kioo na kipimarangi, milioni moja. UPS kubwa zaidi na diski mbili za nje, laki nane. Inabaki milioni na laki saba ya sipiyu.

KIJANA: Diski mbili za nini?

MAMA: Umesahau sendofu ya Aprili?

Alisahau nani. Umeme ulikatika kadi ikiwa katikati ya kunakiliwa, kisha mtu akaifuta kadi akidhani kazi imekwisha. Nakala nyingine haikuwepo. Kuna mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliyeipa kazi hii hesabu rahisi: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mahali pengine kabisa. Tangu Aprili ile mama alikuwa akiweka nakala mbili, lakini zote kwenye droo moja. Sasa diski moja itaenda kulala kwa dada yake Tabata, na kila Ijumaa zitabadilishana.

Habari ya programu ilipita haraka, kwa aibu. Adobe wamekuwa wakikodisha badala ya kuuza tangu 2013, na mama aliuliza kwa nini alipe kila mwezi wakati ile ya sasa "imo tu". Fundi, ambaye ndiye aliyeiweka ile iliyovunjwa kufuli, alitazama dirishani. Akasema kwa sauti ndogo kwamba huenda ndiyo iliyoleta virusi vya mwezi wa tatu. Zikatajwa darktable na GIMP, ambazo ni za bure kwa haki. Kijana akasema atazijaribu, kwa namna watu wanavyosema wataanza kukimbia asubuhi.

Sipiyu haikuamuliwa siku ile. Kwa milioni na laki saba kijana alikuwa na hesabu yake ya Mac mini, fundi alikuwa na mbili zake, na mama alichoka kuwasikiliza. Alisema ananunua kioo kwanza, na wao waendelee kubishana mpaka harusi ya mwezi ujao ilipwe. Fundi alifungua mashine ya zamani, akapuliza vumbi la kutosha kuotesha mchicha, akafuta pesti ya joto iliyokauka kama udongo juu ya prosesa, akapaka mpya. Ikaacha kujizima. Hakufurahi sana, nadhani.

Nilirudi baada ya wiki mbili. Kioo kipya kilikuwa juu ya meza, sipiyu ile ile kuukuu chini yake, na ukuta mmoja wa kijivu nyuma ya kijana. Alikuwa amefungua picha ya bibi harusi, ile ya kurasa mbili. Gauni lilikuwa la samli pale pale kwenye kioo, na suti ilikuwa doa. Akaitazama muda mrefu.

"Kumbe," alisema.

Akashika kitelezi cha mwanga, akakisogeza kulia. Kimduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka, kikazunguka. Kola ya bwana harusi ikatokea polepole, halafu kifungo kimoja.

"Nimekisikia kimya hicho," fundi alisema kutoka mlangoni. "Sasa mnaweza kuongea na mimi habari ya sipiyu?"

Mama alinikabidhi bahasha yangu ya pasipoti saizi, akaifungua kwanza yeye mwenyewe, akaifunga tena.

"Kaa kidogo," aliniambia. "Hizi zinarudiwa."